Puri Sawa, Ila Karai Lisikae Chini

Puri haina ugumu. Unga wa ata, yaani wa ngano isiyokobolewa, chumvi na maji kidogo. Kanda donge gumu bila hamira, lipumzike nusu saa, sukuma viduara, kaanga. Ni chakula kizuri, ingawa si cha kila siku.

Ugomvi wangu ni karai juu ya mafiga, na mtoto anatambaa pembeni. Maji huchemka kwenye nyuzi 100. Puri, ili ivimbe, hutaka mafuta ya karibu 190. Yanaunguza hadi ndani. Mtoto akiungua, mwagieni jeraha maji safi ya baridi kwa dakika 20, funikeni kwa kitambaa safi, mleteni hospitali. Yai na dawa ya meno, hapana!

Nanyi akina baba wa Shinyanga na Geita, mafundi wa matofali, jiko la kimo cha kiuno linawashindaje?