Fei Toto hakutuibia kitu

Kila dirisha la usajili likifunguliwa, jina la Feisal Salum, Fei Toto, linarudi ukurasa wa mbele. Mara anakwenda Simba, mara anarudi Yanga, mara Kaizer Chiefs wamepanda dau. Na kila linaporudi, hapakosi mtu mezani kwangu wa kusonya na kusema: yule msaliti. Nauza magazeti Makambako, jirani na stendi, mji ambao njia ya Songea inaachana na ya Mbeya. Neno hilo nimelisikia kwa makondakta, kwa vijana wa bodaboda, kwa mwalimu mstaafu anayenunua nakala yake na kuikunja kwapani. Nimelivumilia vya kutosha. Leo nalijibu.

Twende taratibu. Feisal ni kijana wa Zanzibar aliyechezea klabu ya JKU, akavuka maji mwaka 2018. Mnakumbuka alivyoingia Yanga? Singida United walimtambulisha kuwa mchezaji wao, na siku hiyohiyo Yanga nao wakamtambulisha kuwa wao. Jangwani, makao ya Yanga, walishangilia. Hapa Makambako pia walishangilia, na baadhi yao nawakumbuka kwa sura. Hakuna aliyeuliza Singida wamejisikiaje, wala aliyesema kijana hana shukrani. Walimsifu kwa kuchagua timu kubwa. Miaka minne na nusu baadaye, kijana yuleyule alipotaka kutoka kwa haraka ileile aliyoingia nayo, watu walewale wakaanza kuhubiri uaminifu.

Desemba 2022 aliaga, akaingiza shilingi milioni 112 kwenye akaunti ya klabu: milioni 100 za kuvunja mkataba, na milioni 12 za mishahara ya miezi mitatu. Yanga wakazikataa. Januari 2023 Kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji ya shirikisho la soka, TFF, ikaamua kwamba yeye bado ni mchezaji halali wa Yanga, kwa mkataba wa mpaka Mei 2024. Akaomba marejeo, mwezi Machi ikamgomea.

Sisemi Yanga walikosea kuushikilia mkataba wao. Mkataba ni mkataba, na kama kuna mtu alimwambia Feisal kwamba kuweka pesa benki na kufunga begi kunatosha, alimshauri vibaya. Kamati iliamua kwa karatasi iliyokuwa mbele yake. Ugomvi wangu hauko huko ndani. Uko kwetu sisi tuliokuwa nje ya chumba, ambao hatukuwa na karatasi yoyote mkononi ila tulishahukumu, na tulihukumu kwa matusi.

Milioni 12 ukizigawa kwa miezi mitatu unapata milioni nne kwa mwezi. Hesabu hiyo ilifanywa mezani kwangu na watu ambao milioni nne hawajawahi kuzishika kwa mkupuo, nami naelewa kwa nini ziliwauma. Mtu anayeshusha mbao kwenye lori kutwa nzima akisikia kijana wa umri wa mwanawe analalamikia milioni nne, lazima ashangae. Lakini mshahara wa mchezaji haupimwi kwa mshahara wa mshusha mbao. Unapimwa kwa wa yule aliyevaa jezi kama yake, anayekimbia naye uwanja mmoja. Na unapimwa kwa miaka. Mwalimu anafundisha mpaka miaka 60. Mchezaji wa kiungo akifika 32 tunaanza kumwita mzee, goti likimgeuka akiwa na 26 tunamsahau kabla hajatoka hospitali. Muda wake wa kuvuna ni mfupi sana, na anayemwambia asubiri huwa hasubiri pamoja naye.

Madereva wa malori wanaolala hapa Makambako wakielekea Tunduma hubadili matajiri kila siku. Leo anaendesha gari la huyu, mwezi ujao ameitwa na mwingine aliyeongeza posho ya safari. Tajiri wa kwanza atakasirika, pengine atamdai, watapelekana wanakojua. Lakini sijawahi kuona watu wa stendi wakimzomea dereva kwa jina la mama yake.

Hapo kwenye mama ndipo penye uchungu wangu.

Sakata lilipopamba moto, kamera zilipelekwa mpaka kwa mama yake Feisal. Mama akaongea kama mama. Akasema mwanawe alifikia kula ugali na sukari. Sijui ni mhariri gani angeyaacha maneno yale yapite, maana yalikuwa mazito. Lakini yalivyopokelewa! Ikawa wimbo. Ugali na sukari ikapigiwa kelele uwanjani, ikaandikwa chini ya kila picha ya Feisal, ikatajwa kwenye mabanda ya mpira hapa kwetu kila alipoonekana kwenye kioo. Watoto wa shule walipita mbele ya meza yangu wakiimba.

Huku kwetu mahindi hayakosekani. Mwezi Juni na Julai magunia yanapangwa Makambako mpaka unakosa njia ya kupita. Kwa hiyo nyumba ya Mbena au ya Mwanji inaweza kukosa vingi lakini ugali ukawepo. Kinachokosekana ni mboga. Nimelea watoto, najua ilivyo jioni sufuria ya pili ikiwa tupu: unakoroga sukari kijiko kimoja kwenye maji ya moto, watoto wanachovya tonge, wanakwambia mama ni tamu. Hawajui. Wewe mama unajua. Unageuza uso kuangalia moto. Wanawake wengi wa Njombe, wa Makete, wa Ludewa wamepita hapo, na nina hakika katika wale waliokuwa wakicheka walikuwemo waliolelewa hivyohivyo. Mama yule hakututukana wala hakuomba chochote. Alisema jambo ambalo mama yeyote hulisema mwanawe akiwa matatani, na nchi nzima ikamfanya kichekesho.

Mashabiki wana lawama, lakini si wao waliopeleka kamera. Biashara ya habari za mpira naifahamu kwa upande wa meza, kwa kuwa ndiyo riziki yangu. Wengi wanaokuja hawanunui. Wanasoma vichwa vya habari wamesimama, mikono mfukoni kwa baridi, wanabishana, wanaondoka. Kwa hiyo kichwa cha habari ndicho habari yenyewe. Mwandishi anaweza kuwa ameandika vizuri ndani, akaeleza upande huu na huu, akanukuu kifungu cha mkataba. Hayo yapo ukurasa wa 14. Mezani kwangu kumebaki maneno matano mekundu na picha ya kijana amekunja uso. Siku hizi na simu zimeongezeka: redio asubuhi, televisheni za mtandaoni mchana, klipu fupi jioni, na kila mmoja ana chanzo chake cha ndani ambacho hakitajwi jina.

Mchezaji mwenyewe yuko wapi katika yote hayo? Kimya. Klabu zetu kubwa zina wasemaji, na wasemaji hao ni mastaa kuliko nusu ya kikosi. Wanajua kuongea, wana wafuasi wengi, wakikohoa inakuwa habari. Haji Manara alipotoka Simba akaenda Yanga mwaka 2021, alipokewa kwa shangwe, na sisemi alikosea, ni kazi na mtu hutafuta kazi. Lakini linganisheni. Mchezaji wa Kitanzania hana msemaji. Akiongea bila ruhusa ya klabu anajitafutia matatizo. Anaandika mistari miwili mtandaoni, basi. Miezi yote ile ya mwaka 2023 tulimjua Feisal kwa midomo ya watu wengine, mpaka alipojitokeza kuomba Watanzania wamchangie apeleke shauri lake CAS, mahakama ya usuluhishi wa michezo, na hilo nalo likawa la kuchekwa.

Feisal si wa kwanza. Mghana Bernard Morrison alikuja Yanga mwaka 2020, mwaka huohuo akaenda Simba, ugomvi wa mkataba ukafika CAS, na mwaka 2022 akavaa tena jezi ya Yanga. Kila alipohama nusu ya nchi ilimpenda na nusu ikamlaani, kisha zikabadilishana. Na mfano wa Ibrahim Ajib niliushuhudia kwa macho yangu. Msimu wa 2017/18 Njombe Mji walikuwa Ligi Kuu, fahari yetu sote, na Septemba ile Yanga wakaja Uwanja wa Sabasaba. Nilipanda gari kwenda Njombe nimevaa koti na khanga juu yake. Ajib alikuwa ametoka Simba muda mfupi tu. Akapiga faulo, mpira ukaingia, na hilo likawa bao pekee la mchezo. Pale nilipokaa, watu wa Njombe, waliozaliwa Njombe, walirukaruka timu ya mji wao ikifungwa! Mama mmoja mbele yangu alimtaja Ajib kama anamtaja mwanawe wa kumzaa. Mwaka 2019 Ajib akarudi Simba, na mapenzi yote yale yakaisha siku hiyohiyo. Kwa hiyo tunayempenda si mtu. Tunapenda rangi, na mtu tunamkopesha mapenzi kwa muda anaoivaa, tena bila kumwambia kwamba ni mkopo.

Wapenzi wa ligi za Ulaya hapa stendi wananitajia usajili wa huko kama wanataja ndugu zao. Wengi hawamjui Jean-Marc Bosman, Mbelgiji aliyeishitaki klabu yake na vyama vya mpira kwa sababu mkataba wake uliisha na bado akazuiwa kuhama. Desemba 1995 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikampa ushindi. Mamilioni wanayolipwa mastaa wa leo yana mkono wake ndani. Yeye mwenyewe mpira wake uliishia hapo, na maisha yakamwendea vibaya. Bosman alikuwa mtu wa kawaida aliyetaka kufanya kazi mahali pengine.

Kwa Feisal, mambo yalimalizika kwa neno la Rais. Juni 2023 Yanga walialikwa Ikulu baada ya kufika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, na Rais Samia Suluhu Hassan akawaambia viongozi wakalimalize suala la kijana yule. Siku chache baadaye Yanga wakatangaza kumuuza Azam. Nilifurahi, ila nilijiuliza kwa nini ilibidi ifike huko. Klabu ilikuwa imechukua ubingwa bila yeye na imecheza fainali ya Afrika bila yeye. Haikuwa na jeraha lolote la kulipiza. Kama si kelele zetu za nje, viongozi wangekaa naye mapema zaidi, maana kiongozi wa klabu anayemsamehe mtu aliyekwisha kuitwa msaliti anaogopa na yeye kuitwa hivyo.

Msimu wake wa kwanza Azam, Feisal alifunga mabao 19 katika Ligi Kuu, mawili nyuma ya Stephane Aziz Ki wa Yanga aliyeibuka mfungaji bora. Machi 2024 aliifunga Yanga bao la ushindi, Azam wakashinda 2-1. Na Desemba 2025 kule Morocco, katika mechi ya Tunisia, ni yeye aliyesawazisha. Matokeo ya 1-1 yakatupeleka hatua ya 16 bora ya AFCON kwa mara ya kwanza tangu nchi hii ianze kucheza mashindano hayo. Banda la mpira ninalokwenda lilitetemeka usiku ule, wa Simba na wa Yanga wamekumbatiana, na bao lilikuwa la mguu wa mtu ambaye humohumo ndani alikuwa amezomewa kwa chakula cha utotoni cha nusu yao.

Mnaopenda Yanga, endeleeni kuipenda. Na mwenye kuona kwamba Feisal alivunja utaratibu, aseme hivyo, ana hoja, kamati ya TFF iko upande wake. Kuvunja utaratibu wa mkataba ni kosa la kazini, na adhabu yake imeandikwa. Usaliti ni jambo jingine kabisa, na kijana yule hakuchukua kitu chetu chochote. Alikuwa ametoa miaka minne na nusu ya miguu yake.

Kijana wa jirani yangu, aliyeonekana kwenye mashindano ya shule za sekondari, UMISSETA, ameitwa Dar kufanya majaribio. Mama yake alikuja juzi kuniuliza mimi, kwa kuwa ananijua kuwa nauza magazeti ya mpira. Alinisalimu kamwene, akakaa, akauliza mwanawe aangalie nini. Nimemwambia asisaini karatasi ambayo hajaisoma mpaka mwisho, asisaini peke yake, na amtafute mwanasheria kabla ya wakala. Nimemwambia pia kwamba siku mwanawe akigombana na klabu, watu wenye kamera watabisha hodi kwake Makambako, na hana lazima ya kufungua.

Ninyi wenye kamera na kalamu, nawaomba kwa heshima: siku hiyo mpigieni kijana mwenyewe kwanza, mchapishe alichosema kwa maneno yake, ukurasa uleule mlioweka ya msemaji wa klabu. Mama yake mwacheni.