Pampu ya Mafuta na Mwanga wa Koroboi



Wiki iliyopita gari tulilokodi kuwapeleka watoto wa madrasa kutoka Omurushaka hadi Nkwenda lilizima mlimani. Likasukumwa hadi uani kwa jirani, na dereva akaazimia kubadili pampu ya mafuta jioni ile ile, kwa mwanga wa koroboi. Tulimzuia, naye hakufurahi.

Pampu hiyo hukaa ndani ya tangi. Katika magari mengi madogo kifuniko chake kimo chini ya kiti cha nyuma. Kazi yenyewe si ngumu. Muuaji ni mvuke wa petroli: ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini hadi ukalifikia jiko la mkaa lililo mbali. Nani kati yetu ameisahau Morogoro, 10 Agosti 2019?

Basi ifanywe mchana, mahali pa wazi, tangi likiwa karibu tupu. Ichomolewe fyuzi ya pampu, injini iwashwe mpaka izime yenyewe ili msukumo wa mafuta upungue katika mipira, ndipo waya hasi wa betri ufunguliwe. Watoto na sigara vikae mbali.

Dereva wetu hununua petroli lita mbili mbili. Pampu hupozwa na mafuta yanayoizunguka. Tangi likishinda tupu kila siku, huungua mapema. Asubuhi ilipotolewa, chujio lake lilikuwa jeusi kwa tope.

Watoto walifika Nkwenda kabla ya adhuhuri.