ZEGE LITUMIKE PENYE MILIMA NA MAKORONGO

Kuna jambo linalotusumbua sisi wakazi wa Mbangala, wilayani Songwe, kila masika yanapoingia. Jambo hilo ni barabara zinazotengenezwa wakati wa kiangazi na kuchukuliwa na maji kabla hata mahindi hayajabeba.

Kila mwaka greda huja, moramu humwagwa, barabara hung'aa kwa muda, na viongozi hupita. Mvua zikianza, penye tambarare barabara huvumilia. Lakini penye mteremko maji hukimbia katikati ya njia na kuzoa moramu yote, na penye korongo hubaki shimo. Mwaka unaofuata moramu humwagwa pale pale. Maji yetu huelekea Ziwa Rukwa, na wakati mwingine nafikiri kwamba chini ya ziwa hilo kuna barabara nzuri kuliko hii tunayopita sisi.

Sisemi kwamba greda haifai, wala siombi kilomita zote ziwekwe zege, maana najua nchi ina mahitaji mengi. Ninachoomba ni kwamba zile sehemu fupi zinazoharibika kila mwaka, yaani miinuko mikali na vivuko vya makorongo, zijengwe kwa zege mara moja ili fedha za moramu zitumike kwingine. Jambo la kushangaza ni kwamba saruji yenyewe inatengenezwa jirani. Kiwanda cha saruji cha Songwe, nje kidogo ya Mbeya, kinafanya kazi tangu miaka ya 1980. Malori yaliyojaa saruji huelekea mikoa ya mbali na hata nje ya nchi, na sisi tulio jirani bado tunakwama katika tope.

Wapo watakaosema kwamba wananchi wanataka lami. Ni kweli, lami ni nzuri, lakini yafaa tuelewe tofauti. Lami ni kama mkeka, nguvu yake hutegemea kilichopo chini. Maji yakiingia chini yake, au jua kali likiilainisha huku lori zito likipita polepole, hubonyea na kufanya mifereji ya magurudumu. Zege ni kama ubao mgumu, hutandaza uzito wa gurudumu mahali papana, na halilainiki kwa jua wala kwa dizeli inayomwagika. Ndiyo maana njia za mabasi yaendayo haraka Dar es Salaam, ambayo yalianza kubeba abiria mwaka 2016, zilijengwa kwa zege. Mabasi yale ni mazito, hupita katika mstari ule ule na kufunga breki mahali pale pale, siku nzima.

Hali ya Tunduma inafanana na hiyo. Barabara Kuu ya Tanzania na Zambia ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati malori hayakuwa kama haya ya leo. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaruhusu gari na mzigo wake kufikia tani 56, na kwenye foleni ya mpakani malori ya namna hiyo husimama, husogea kidogo, husimama tena. Majaribio makubwa yaliyofanywa Marekani, katika jimbo la Illinois, kati ya mwaka 1958 na 1960 yalionyesha kwamba ukiongeza uzito wa ekseli mara mbili, madhara kwa barabara huongezeka takriban mara 16. Kwa hiyo mahali ambapo malori husimama kwa foleni, zege lisionekane kuwa anasa.

Nirudi kijijini. Kwa barabara ndogo si lazima kumwaga zege upana wote wa njia. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 wataalamu walifanya majaribio hapa hapa nchini, katika barabara ya Lawate–Kibongoto wilayani Siha na ile ya Bago–Talawanda wilayani Bagamoyo. Miongoni mwa mambo waliyojaribu ni kuweka mikanda miwili tu ya zege, kila mmoja kwa magurudumu ya upande mmoja. Hebu tupige hesabu. Mlima wa mita 100, mikanda miwili yenye upana wa sentimita 90 na unene wa sentimita 20, unahitaji zege la meta za ujazo 36. Tukiweka mifuko saba ya saruji kwa kila meta ya ujazo, jumla ni mifuko 252. Semi-trela moja ya tani 30 hubeba mifuko 600. Mzigo wa gari moja tu, basi, unatosha kupandisha magari kwenye mlima wa zaidi ya mita 200. Mchanga, mawe na nguvukazi tunavyo wenyewe, na kuponda kokoto tunajua.

Lakini saruji peke yake si dawa, na hapa ndipo penye uchungu wangu. Tuliwahi kujengewa kivuko cha zege kwenye korongo letu, kile ambacho mafundi hukiita drifti. Mkandarasi, ambaye sitamtaja, alimwaga zege kwa siku moja katika jua la Oktoba, akapakia mashine zake, akaondoka. Hakuna aliyefunika zege lile kwa magunia wala kulimwagilia maji. Ndugu Mhariri, zege haligandi kwa kukauka kama udongo wa tofali. Saruji huungana na maji ndipo ikawa ngumu, na ikinyimwa maji siku za mwanzo hubaki dhaifu. Inatakiwa ikae na unyevu kwa siku saba angalau, na nguvu yake hupimwa baada ya siku 28. Kivuko chetu kilipasuka kabla ya Krismasi, na Februari kikavunjika katikati. Usiku mmoja wa mwezi huo mke wa mdogo wangu alikuwa akipelekwa kujifungua, gari likashindwa kuvuka, wakasubiri maji yapungue hadi alfajiri. Mtoto alizaliwa pale pale kando ya korongo, hakuishi.

Simlaumu dereva, wala simlaumu mkunga aliyekuwa naye. Nalaumu siku saba za kumwagilia maji ambazo hakuna aliyezisimamia.

Kwa hiyo nawaomba ndugu zetu wahandisi wa TARURA, ambao tangu mwaka 2017 ndio wenye dhamana ya barabara za wilaya, wafanye mambo haya. Kwanza, wapite nasi kila kijiji tuwaonyeshe sehemu zinazokatika, kwani sisi tunazijua kwa majina. Pili, wapime udongo kabla ya kumwaga kitu, maana penye udongo mweusi wa mbuga, unaovimba kwa mvua na kupasuka kwa jua, hata zege hupasuka ikiwa msingi haukutengenezwa. Tatu, mkataba utaje wazi ni nani atakayemwagilia zege na kwa siku ngapi, na malipo ya mwisho yasitolewe mpaka kazi hiyo imekaguliwa. Serikali ya kijiji ikabidhiwe nakala. Kazi ya kumwagilia wapewe vijana wa hapa hapa kwa ujira, na mwenyekiti atie sahihi kila jioni.

Tena kazi isingoje Oktoba. Mvua zetu huisha Aprili, na Mei na Juni makorongo mengi yanakuwa bado na maji kidogo, jua si kali, na vijana wanamaliza kuvuna. Wakija wakati huo, maji ya kumwagilia yatachotwa hatua chache tu kutoka kwenye kazi yenyewe.

Mkulima,
Mbangala, Songwe.