Mizani Mpya, Bei ya Wengine

Mkulima wa Nyalikungu, wilayani Maswa, akipeleka pamba kwenye chama chake cha ushirika (AMCOS) siku hizi anakuta mizani ya kidijitali. Namba zinawaka, karani anaandika, makato ya pembejeo yanaondolewa, pesa inaingia kwenye simu. Viongozi wakipita Maswa wanaisifu mizani hiyo utadhani ndiyo maendeleo yenyewe. Imeongeza shilingi ngapi kwenye kilo? Hata moja. Bei bado inatoka New York na Liverpool.

Na ugomvi wa mizani si wa leo. Miaka ya 1950 wakulima wa Usukuma walichoshwa na wachuuzi waliowapunja kwenye vipimo, wakaunda vyama vyao, na mwaka 1955 vikaungana kuwa shirikisho la ushirika la Victoria (VFCU) chini ya Paul Bomani. Wazee wale hawakuridhika na kupimiwa kwa haki. Walikwenda wakamiliki viwanda vya kuchambua pamba. Sisi, miaka sabini baadaye, tunapiga vigelegele pale walipoanzia!

Piga hesabu ndogo. Kilo ya pamba mbegu ikichambuliwa hutoa takribani theluthi ya kilo ya nyuzi, nazo zinatosha shati moja la mwanaume. Msimu wa 2019 kilo hiyo ilitangazwa Sh1,200. Nenda Bariadi mjini na Sh1,200 yako ukaombe shati jipya la pamba, uone muuza duka atakavyokucheka. Tofauti yote imebaki kwa anayesokota, anayefuma, anayeshona na anayebandika nembo, na hao wako ng'ambo kwa sababu sehemu kubwa ya pamba yetu inapanda meli ikiwa marobota. Mwatex ya Mwanza na Mutex ya Musoma zilijengwa ili pamba ya Kanda ya Ziwa ifumwe huku huku. Tuliziacha zikadorora.

Hata hiyo Sh1,200 watu waliisotea. Bei ya dunia ilianguka, wanunuzi wakakunja mikono, pamba ikalala kwenye maghala ya AMCOS kwa miezi huku mwenye nayo akikopa hela ya sare za watoto.

Tunaambiwa tuvumilie, soko la dunia ni kama mvua. Uongo. Mvua haina mwenyewe, soko lina wenyewe. Marekani iliwamwagia wakulima wake wa pamba ruzuku hadi Brazil ikaishtaki kwenye Shirika la Biashara Duniani (WTO) na kushinda. Mwaka 2014 Marekani ikakubali kutoa dola milioni 300 kumaliza shauri. Maswa ilipata nini? Mwaka 2016 wakuu wa Afrika Mashariki walipopanga kuachana na mitumba ifikapo 2019, Washington ikatikisa fimbo ya AGOA, mpango wake wa kusamehe ushuru bidhaa za Afrika. Rwanda, ambayo haina mkoa wa pamba kama Simiyu yetu, ikakaza. Mwaka 2018 nguo zake zikanyimwa msamaha wa ushuru. Tanzania yenye pamba ikanywea.

Ulaya nako wanalia kwamba mashine na utandawazi vimewatajirisha wachache na kuwatupa wafanyakazi wa viwandani. Kilio chao ni cha kweli. Muulize mtu wa Lancashire, Uingereza, ambako viwanda vya pamba vilikuwa kila mtaa. Lakini yeye kiwanda kilipofungwa alikuwa na posho ya serikali. Aliyepunguzwa Mwatex alirudi kijijini kushika jembe, na pamba anayolima sasa ndiyo inayokwenda kuwatajirisha wengine.

Wabunge wa Simiyu, mkoa unaoongoza kwa pamba nchini, kila bajeti wanasimama kuomba mbegu na viuatilifu. Vinahitajika, sawa. Lakini safari hii waombe kiwanda cha kusokota nyuzi, umeme wa uhakika wa kukiendesha, na hisa za AMCOS ndani yake. Wakirudi mikono mitupu, wasituombe kura.