Ngumi za Tom Smith

Vijana wetu waliolelewa na filamu za kauboi hudhani kwamba miji ya ng'ombe ya Marekani ilitulizwa na yule aliyewahi kuchomoa bastola. Na wasikilize basi habari za Abilene, Kansas.

Tangu mwaka 1867, Joseph McCoy alipojenga mazizi kando ya reli, ng'ombe walikuwa wakiswagwa kutoka Texas hadi pale. Tusiwatukane upesi waswagaji wale. Watu kumi, kumi na wawili, walikabidhiwa ng'ombe 2,000 au zaidi. Wakashinda juu ya tandiko miezi miwili mitatu, wakivusha mito iliyofurika na kukesha kwa zamu, kundi lisije likatimka kwa ngurumo ya radi. Si wachache kati yao walikuwa watu weusi na Wameksiko. Ujira ulikuwa kama dola 30 kwa mwezi, na kabla haujapoa mkononi, wenye vilabu na meza za kamari walikwisha jipanga kuupokea. Ajabu gani wakilewa na kufyatua risasi? Walipojengewa jela, waliibomoa.

Mwaka 1870 mji ulimwajiri Tom Smith kusimamia sheria. Marufuku ya kubeba silaha mjini ilikuwapo, ila ilikuwa ya karatasini tu. Bastola alikuwa nayo. Lakini alipokaidiwa na pandikizi la mtu aliyeitwa Big Hank, alimwangusha kwa ngumi, akamnyang'anya silaha na kumfukuza mjini. Akaja mbabe wa pili, yakampata yale yale. Tangu hapo watu wakawa wanazisalimisha bastola wenyewe. Enyi mnaokabidhiwa sare na rungu, mwigeni huyu! Hakuwaonea wanyonge akawakwepa wenye majina, wala hakutafuta maiti ya kujisifia.

Mtaniambia kwamba aliuawa. Naam, tarehe 2 Novemba mwaka ule ule, alipokwenda nje ya mji kumkamata mtuhumiwa wa mauaji, alipigwa risasi, kisha akamaliziwa kwa shoka. Ila waliomwua hawakuwa waswagaji. Walikuwa walowezi wakulima, watu wa jembe.

Mwaka uliofuata kazi ile akapewa Wild Bill Hickok, kipenzi cha filamu. Oktoba 1871 alimpiga risasi mcheza kamari Phil Coe, na katika taharuki hiyo akamwua pia Mike Williams, rafiki yake aliyekuwa akija mbio kumsaidia. Desemba halmashauri ikamwachisha kazi. Ilipofika Februari 1872, wenyeji wakawatangazia watu wa Texas wasilete tena ng'ombe.