Habari Moja, Nakala Mia: Masafa ya Umma na Simu ya Mkononi

Kila jioni, saa moja kamili, taarifa ya habari kwa Kiswahili husomwa katika vituo vikuu vya runinga nchini Kenya. Kule Ngoliba, mashariki ya mji wa Thika, mwenye runinga na king'amuzi huipata bila malipo. Mwenye simu tu hana budi kununua bando. Habari ni ile ile na dakika ni ile ile, ila mmoja anapokea na mwingine ananunua. Tofauti hii si ya lazima.

Chanzo chake ni matumizi ya masafa. Mnara wa utangazaji hurusha nakala moja tu, wawe watazamaji ni kumi au laki. Mtandao wa simu, kinyume chake, aghalabu humtumia kila mtazamaji nakala yake. Watu mia wakitazama mchezo mmoja, mnara huutuma mchezo huo mara mia, hata picha zikaanza kukwama. (Kiswahili nacho hutenga dhana hizi: kutangaza ni kueneza kwa wote, kutuma kuna mpokeaji wake.)

Je, njia hizi mbili haziwezi kukaa katika mkondo mmoja? Zinaweza. Kenya ilianza utangazaji wa dijitali mwaka 2009, kisha ikachagua kiwango cha DVB-T2. Katika kiwango hicho matangazo husafiri kwa vipande vya muda visivyozidi robo ya sekunde, na baina ya vipande hivyo huruhusiwa kuachwa nafasi kwa huduma nyingine. King'amuzi huiruka nafasi hiyo, simu nayo ikaitumia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Braunschweig, Ujerumani, walibuni mfumo wa kurusha ishara za LTE humo kutoka mnara mrefu wa runinga, na ukajaribiwa Paris. Kinachotazamwa na wengi hurushwa mara moja, na minara ya simu ikabaki na mazungumzo, ujumbe na malipo.

Kenya imewahi kuonja jambo linalokaribia hili. Mwaka 2013, katika eneo la Nanyuki, mradi wa Mawingu ulioungwa mkono na Microsoft ulipeleka intaneti kwa mikondo ya runinga iliyokuwa haitumiki. Hata hivyo, huko simu iliokota makombo ya runinga, haikualikwa mezani.

Wapo watakaosema kwamba simu zinazouzwa Thika hazina uwezo wa kupokea matangazo ya namna hii. Hoja hiyo ni nzito. Lakini ving'amuzi navyo havikuwamo nyumbani mwa wengi mwezi Februari 2015, mitambo ya analogia ilipozimwa Nairobi na vituo vikubwa vikakaa karibu majuma matatu bila kuonekana. Mwananchi aliambiwa anunue, akanunua. Sehemu ya masafa yaliyoachwa wazi ikaendea kampuni za simu, ambazo, bila shaka, hazina haraka ya kuona bando likipungua.

Kwa hiyo Mamlaka ya Mawasiliano ndiyo inayopaswa kuanza. Leseni za masafa zinapohuishwa, ziambatane na sharti kwamba taarifa ya habari ya KBC na maonyo ya dharura yarushwe kwa simu bila bando, hata kama ni kwa majaribio katika eneo moja. Ngoliba ingefaa: iko karibu na mto Athi, na mafuriko ya Aprili na Mei 2024 hayajasahaulika nchini. Onyo la mafuriko halipasi kumngojea mtu aongeze salio.