MIMEA NA MANUFAA YAKE: NARDO, MZIZI WENYE HARUFU NZURI

Wale mnaosoma Biblia mmekwisha kulikuta neno nardo. Mwanamke mmoja alimpaka Yesu marhamu ya nardo. Watu wakanung'unika, kwa sababu marhamu ile ingeweza kuuzwa kwa dinari 300. Siku zile dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku moja. Basi marhamu ile ilikuwa na thamani ya kazi ya karibu mwaka mzima! Ilikuwa ghali kwa sababu nardo ilitoka mbali sana.

Nardo ni mmea mdogo. Huota katika milima ya Himalaya, huko Nepal, India, Bhutan na China, mahali penye urefu wa mita 3,000 hadi 5,000 juu ya usawa wa bahari. Mlima wetu wa Kilimanjaro una mita 5,895. Basi nardo huota mahali pa juu na penye baridi, miti mikubwa inapokoma. Maua yake ni ya rangi ya waridi. Lakini mali yenyewe ni mzizi. Una manyoya ya kahawia, kama mkia wa mnyama. Wahindi huuita jatamansi. "Jata" maana yake ni nywele zilizosokotana.

Kwa miaka mingi sana waganga wa Ayurveda, yaani utabibu wa jadi wa India, wameutumia mzizi huu. Huutwanga uwe unga, wakampa mtu asiyepata usingizi au mwenye hofu. Huuchemsha pia katika mafuta, yakapakwa kichwani ili nywele ziwe nyingi. Tena huchomwa kama ubani.

Siku hizi viwanda hutumia mvuke kutoa mafuta katika mizizi. Kilo 100 za mizizi mikavu hutoa kilo moja au mbili tu za mafuta. Mafuta hayo hutiwa katika manukato. Je, dawa yenyewe ni ya kweli? Wataalamu wamewapa panya dawa ya mzizi huu, na imewatuliza. Lakini majaribio kwa watu bado ni machache. Mwenye kifafa asiache dawa za hospitali kwa ajili ya nardo. Anayemeza vidonge vya usingizi asivichanganye nayo bila kumwuliza daktari.

Sasa liko jambo gumu. Ukichuma majani machache, mmea hubaki. Ukichimba mzizi, mmea umekufa. Katika wilaya za Jumla na Dolpa, huko Nepal, familia nyingi hupanda milimani kuchimba mizizi ili zipate fedha. Mchimbaji hubeba mzigo mgongoni, akamwuzia mchuuzi. Faida kubwa hupatikana mbele, mjini na viwandani. Yeye hupata kidogo, kwa hiyo huchimba zaidi.

Mwaka 1997 nardo iliwekwa katika mkataba wa mataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Nepal nayo iliamua kwamba mizizi ambayo haijatengenezwa isiuzwe nje. Lengo ni kwamba kazi ya kutoa mafuta, pamoja na ujira wake, ibaki nchini.

Wataalamu wamewashauri wachimbaji wangoje mpaka mvua ziishe na mbegu zidondoke. Wachukue mimea iliyokomaa na kuacha michanga. Mahali palipochimbwa papumzishwe miaka mitano au zaidi kabla ya kuchimbwa tena.